Matanga ya Kozi Wadogo

Kila neno la kisa hiki ni kweli tupu. Ni kweli kama Litembo ilivyo na baridi, na mwenye shaka apande huko mwezi wa saba bila koti. Akishuka tutabishana, kama meno yake yatakuwa yameacha kugongana. Uongo wowote atakaoukuta msomaji humu ni wa Nazari, nao umeandikwa kwa uaminifu mkubwa, bila kupunguzwa hata chembe.

Nazari alikuwa karani wa mizani. Miaka na miaka alisimama mlangoni pa ghala la chama cha ushirika, penseli sikioni, akitangaza uzito wa kahawa za watu kwa sauti ya kimisa. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kununua, wanunuzi binafsi wakapanda mlima na magari yao, chama kikazidiwa, kikafa. Nazari akapunguzwa kazini siku moja na mizani yake. Mizani ilipata mnunuzi wa chuma chakavu. Nazari hakupata mnunuzi hata wa namna hiyo, akarudi kijijini kwao juu ya Litembo na koti la kazi, shamba moja la urithi, na mdomo.

Kwa mdomo huo alidai kwamba mwaka mmoja ukungu uliingia ghalani ukiwa mzito mno, akaupandisha kwenye mizani, ukashinda gunia la kahawa. Angeupokea kama daraja la kwanza, ila hakujitokeza mwenyewe wa kuusainia. Alidai kwamba ziwani, ufukwe wa Mbaha, yuko kambale aliyemeza baiskeli ya katekista, na siku za upepo mtu hulala akisikia kengele majini.

"Apa, babu Nazari!" watu humwambia wakijishika mbavu.

"Haki ya mama aliyenizaa."

Mama huyo aliapiwa mara nyingi hata Beata, mke wa jirani, akasema yule bibi huko aliko lazima ana kizunguzungu.

Mtu mmoja tu alicheka kwa adabu na si kwa moyo: Kunigunda, mdogo wa marehemu mke wa Nazari. Si kwamba alimchukia shemeji yake. Akili yake ilikuwa mbali. Alikuwa na mtoto mmoja, Placidi, na Placidi aliondoka mwaka ule ule chama kilipokufa. Alisema kahawa imekuwa yatima, naye haoni sababu ya kukaa kuilea. Anakwenda Sauzi, kijana wa watu, atarudi na bati za nyumba ya mama. Akashuka kwa miguu hadi ziwani, akavuka kwenda Malawi. Habari ya mwisho ililetwa kwa mdomo na Thabiti, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, wa Mbamba Bay, ambaye alimwona Nkhata Bay akipanda lori la kuelekea kusini, anacheka. Baada ya hapo, kimya.

Nyuma aliacha shamba. Na hapa asiyejua kilimo cha Wamatengo avumilie aelezwe, maana bila hilo hatauelewa msiba. Mlima wetu hulimwa kwa ngoro, yale mashimo yanayopangana kama sega la nyuki. Mwanamume hufyeka nyasi, akazilaza mistari ya kushuka na ya kukatiza, mpaka mteremko wote ukawa miraba. Mwanamke hufuata na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo. Mvua ikija, maji hukaa shimoni, na udongo haukimbilii ziwani. Lakini mwanamume asipolaza nyasi, mwanamke hana cha kufukia. Basi shamba la Placidi likakaa. Nyasi zikafika kifuani.

Romanus, kaka wa marehemu mume wa Kunigunda, ndiye aliyekuwa mkubwa wa sengu, kile kikao cha ukoo ambacho watu hula pamoja kwanza ndipo waseme. Alikuwa na wana wazima wasio na pa kulima. Hakuwa mtu mbaya. Kila msimu aliuliza, tena kwa upole.

"Mama Placidi, ardhi haikai bila mtu. Tuseme mtoto amekufa, tuweke matanga, tule, tugawe."

"Baba mkubwa, mmemwona amekufa?"

"Hatujamwona yu hai pia."

"Basi hamjui. Na asiyejua hagawi."

Sengu ilitafuna, ikameza, ikaahirisha hadi msimu mwingine. Kwa desturi ya pale, hadi pafike mtu wa kuleta habari ya kifo kwa kinywa chake, shamba ni la mwenyewe. Kunigunda alilijua hilo. Alikuwa akipita kando ya zile nyasi kila jioni na kuni zake kichwani, anazigusa kwa kiganja kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto aliyelala.

*

Mwaka wa mvua za elinino, kozi wadogo walikuja mwezi wa kumi na mbili kama kawaida yao. Hawa si wenyeji. Si kama mwewe anayekaa juu ya banda akiwapigia hesabu vifaranga vya watu. Hawa ni wapita njia, wembamba wa mabawa, dume rangi ya majivu mwenye mapaja ya kutu, miguu myekundu kana kwamba wamekanyaga tope la barabara ya Mbinga. Huja kundi kubwa mpaka anga linaonekana limemwagiwa pilipili manga. Hulala kwenye mikaratusi iliyo chini ya kijiji, hula kumbikumbi, halafu asubuhi moja mtu huamka akakuta miti mitupu. Wazee waliwaita wageni wa mvua, na walipowaona waliwahimiza watu kupanda mahindi.

Kumbikumbi nao wana wenyewe. Kila kichuguu kina mtu wake, na kula kumbikumbi wa kichuguu cha mwenzako ni sawa na kumkamulia ng'ombe. Vichuguu vya bondeni, karibu na mikaratusi, vilikuwa vya Edmund, kijana mchapakazi aliyejenga ghala jipya la mahindi, na mchwa wakalianza nguzo kabla hajaliezeka.

Nazari alimkuta huko, kitambaa puani, ananyunyiza unga mweupe juu ya vichuguu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unawapaka poda? Wanakwenda harusini?"

"Dawa ya mchwa hii. Nimeipata gulioni Mbinga."

"Dawa gani? Imeandikwaje?"

"Haijaandikwa kitu. Ndiyo maana bei yake nzuri." Edmund akacheka. "Soko huria, babu. Siku hizi kila kitu kipo."

"Kila kitu kipo, ila jina," alisema Nazari, akaendelea na njia yake akiwaza jinsi ya kulikuza hilo neno baadaye barazani. Edmund alinawa mikono mtoni, akashuka mjini na mzigo wake wa kahawa.

Jioni ile mvua ilikatika ghafla, jua likatoka chini ya mawingu, na kumbikumbi wa bondeni wakatoka. Walitoka taratibu, wakiutambaa ule unga, mabawa yao yamepauka kama ya nondo. Kozi wadogo wakashuka. Kijiji kizima kilisimama kutazama, maana ni kitu cha kutazama: ndege anasimama hewani kama aliyefungwa uzi, ananyoosha mguu mwekundu, anachukua, anapeleka mdomoni hukuhuku akiruka. Kunigunda naye alisimama, mzigo wa kuni ungali kichwani.

"Wana raha, hawa," alisema Beata. "Hawapiki, hawaoshi vyombo."

Asubuhi walianza kuanguka.

Nazari aliwasikia kabla ya kuwaona. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya embe bichi likidondoka majanini. Moja, kisha kimya, kisha nyingine. Alipofika chini ya mikaratusi, ardhi ilikuwa imetapakaa mabawa. Wengine walikuwa hai bado, wananing'inia kwenye matawi kichwa chini, kucha zimekataa kuachia ingawa macho yalikwisha kuachia. Mmoja alianguka miguuni pake, akapigapiga bawa mara chache kama anayeomba radhi, akatulia. Nazari alimwokota. Mikono ya karani wa mizani haisahau kazi: ndege mzima, aliyevuka nchi ambazo Nazari alizisikia redioni tu, hakuzidi uzito wa muhindi mmoja mbichi. Domoni mwake kulikuwa na bawa la kumbikumbi, na juu ya bawa, unga mweupe.

Nazari aliketi kwenye mzizi. 

Majirani walipofika, walifika na makapu.

"Mungu akikupa hakupigii hodi!" Beata alikuwa ameshainama, anazoa kwa mikono miwili. Watoto walikimbizana. Mafiga yakawekwa palepale, sufuria ikabandikwa, manyoya yakaanza kuruka. Mwaka ule mvua ilikuwa imeozesha maharage shambani, nyama ilikuwa habari ya Krismasi, na Krismasi yenyewe haikuwa na uhakika.

"Acheni!" Nazari akasimama. "Wana sumu. Edmund kaweka dawa kwenye vichuguu. Nimemwona kwa macho yangu."

Watu walimtazama, halafu wakatazamana, halafu wakaangua kicheko kilichowashtua hata ndege waliokuwa wakifa.

"Sumu ilikuwa kilo ngapi, karani? Uliipima?"

"Ilizidi ukungu?"

"Babu anataka tuondoke abaki nazo peke yake," alisema Beata, mikono yake haikupumzika kunyonyoa. "Njoo ukae, babu, tutakupa paja. Paja la kozi, si la kambale wa baiskeli."

"Nawaapieni. Haki ya mama aliyenizaa."

Hapo ndipo walipocheka hasa. Romanus mwenyewe, mtu wa heshima zake, alijifuta machozi. Nazari aliwaambia wamuulize Edmund. Edmund yuko mjini. Aliwaonyesha ule unga. Wakasema ni unga wa bawa, kumbikumbi gani hana unga. Maji sufuriani yalianza kutoa mvuke. Mtoto wa mwisho wa Beata, asiyejua hata kutamka jina lake vizuri, alikuwa amekaa karibu na moto anangoja, mdomo wazi kama kinda.

Miaka yote Nazari aliwapa watu uongo bure, wakaupokea. Leo alikuwa na ukweli, tena wa bure, na hapakuwa na mpokeaji. Akaitazama sufuria. Akavuta pumzi. Akaingia ghala lake mwenyewe, akatoa bidhaa anayoijua.

"Haya, kuleni," alisema, kwa sauti ya chini. "Ila kila mmoja amtaje kwanza jina anayemla."

Mikono ilipunguza mwendo.

"Jina gani tena?"

"Mnajua ndege hawa hufia wapi?" Alivua kofia. "Mmewahi kuona kiota chao hapa? Hamjaona. Mzoga wao je? Hamjaona mpaka leo. Ndege wa safari hafii alikozaliwa, wala hafii anakokwenda. Hufia njiani. Na njia ni ndefu, kwa nini afie hapa na asifie pale? Nisikilizeni. Mtu akifia ugenini, pasipo na wa kumfumba macho, roho yake haina nauli. Inakaa inangoja. Ndege wa safari akipita, inapanda. Ikifika juu ya kwao, inamwambia, nishushe, ni hapa. Na ndege hana namna ya kumshusha abiria wake isipokuwa kufa." Akamwinua yule aliye mkononi. "Akianguka mmoja, ni ajali. Wakianguka hawa wote juu ya Litembo, ni nini? Ni watu wetu, jamani. Ni wa migodini, ni wa mkonge kule Tanga, ni wote waliosema wanarudi. Wamerudi. Ninyi mnawanyonyoa."

Hakuna aliyecheka. Kila nyumba pale ilikuwa na mtu aliyeondoka. Romanus alikuwa na mdogo wake aliyekwenda manamba, kibarua cha mkonge, tangu enzi za Waingereza. Beata alikuwa na baba. Alimtazama ndege mwenye nusu ya manyoya mapajani pake, akamweka chini polepole, kisha akajifuta vidole kwenye nyasi, mara moja, mara nyingine, na nyingine tena.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya watu.

"Shemeji. Placidi yumo?"

Kunigunda alikuwa amefika bila kapu. Watu walimpisha. Alikuja akasimama mbele ya Nazari, kanga imefungwa kifuani, macho makavu, ameuliza kama mtu anavyouliza dukani kama sukari ipo.

Nazari alifungua mdomo. Angeweza kusema hayumo. Lakini wangemuuliza amejuaje, na kama hajui la Placidi amejuaje la wengine. Na moto ulikuwa unawaka, na kijana mmoja alikuwa hajaondoa mkono kwenye mfuniko wa sufuria. Alimtazama yule mtoto wa Beata. Alimtazama Kunigunda. Kama kuna mizani iliyowahi kumshinda kuisoma, ni hiyo.

"Yumo," alisema.

"Yupi?"

"Huyu."

Kunigunda alimpokea kwa mikono miwili. Alimgeuza, akamlaza vizuri lile bawa lililopinda, akamfuta tope mguuni kwa ncha ya kanga.

"Amekonda," akasema.

Kisha akakaa chini, akapiga ukelele uliopanda mlima ukarudi, na wanawake wote wakaudaka. Sufuria ilimwagwa. Hakuna aliyeamuru, ilimwagwa tu.

*

Walizikwa siku ileile. Kunigunda ndiye aliyesema, "Akalale shambani kwake." Watu wakaingia kwenye zile nyasi ndefu, wakayapapasa mashimo ya zamani ya ngoro chini yake, na katika kila shimo wakaweka ndege wao. Beata alimzika baba. Romanus alimzika mdogo wake, akakaa juu ya shimo kwa muda mrefu, mtu mzima wa mvi anamweleza ndege habari za miaka yote. Waliobaki bila mwenyewe walizikwa pamoja kama wageni. Nazari alifukia kama wengine, na kila sepetu aliyotupa ilikuwa nzito kuliko yote aliyowahi kupima.

Kisha mambo yakafuata njia yake, kwa sababu desturi haina breki. Habari ya kifo imekuja, imekuja kwa kinywa cha mtu mzima, mbele ya watu. Kunigunda alinyoa nywele. Matanga yakawekwa. Kitanda cha Placidi, ambacho kilikuwa kimetandikwa tangu aondoke, kilitandikuliwa akapewa mpwa. Shati lake la Jumapili lilikwenda kwa mwingine. Pale kwao mleta habari ndiye anayepewa tonge la kwanza la ugali wa matanga, ili kama amesema uongo limkwame kooni. Watu wote wakamtazama Nazari. Alimeza. Tonge lilishuka vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomtisha.

Baada ya kula, sengu ikasema. Shamba likaenda kwa mwana wa Romanus. Kunigunda aliitikia kwa kichwa.

Edmund aliporudi kutoka Mbinga, alikokwamishwa na tope siku kadhaa, alikuta mbwa wake amekauka uani, na kando ya pua ya mbwa manyoya ya kozi. Alilia kwa sauti hadi majirani wakatoka. Alipoambiwa habari ya ndege, alishika kichwa, akakimbia na ule mfuko usio na jina, akaubwaga mbele ya watu, akisema mwenyewe kila alichokifanya. Halafu wote, kwa pamoja, wakamkumbuka Nazari.

Walimjia nyumbani na ulanzi, pombe ya mianzi. Beata alimletea kuku, akampigia magoti, mtoto mgongoni. "Babu, nilikuwa nimeshika sufuria. Nilikuwa nimeshaishika!" Romanus alimpa mkono wa heshima akasema uongo wa mtu mwenye akili una faida kuliko ukweli wa mpumbavu. Kila mtu aliyezika baba au kaka alirudi nyumbani akijua kwamba alizika ndege, akacheka kidogo, akaguna kidogo, akaendelea na maisha. Wao walikuwa wamekwisha kuwasahau watu wao kabla ya kuwazika. Nazari alikunywa ule ulanzi wa kupongezwa na haukuwa na ladha.

Kunigunda hakuja. Alimtuma mtu: shemeji aje.

Alimkuta nje, kichwa cheupe kwa kunyolewa, anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta.

"Kaa, shemeji."

Akakaa.

"Watu wanasema ulisema uongo kwa sababu ya sumu. Ni kweli?"

"Ni kweli, shemeji. Hawakutaka kunisikia. Watoto wangekufa. Lakini hilo la roho… wazee walilisema zamani. Mimi sikulitunga lote." Alisikia mdomo wake ukianza kukimbia wenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. "Huenda Placidi alikuwamo kweli. Nani ajuaye? Nilipomshika yule, mkono wangu ulitetemeka. Haki ya ma…"

"Mwache mama yako apumzike." Aliweka ungo chini. "Wewe umekaa ghalani maisha yako yote, unatazama mizani. Mimi tangu mwanangu aondoke natazama juu. Ndege hawa mwezi wa kumi na mbili hutokea kule, upande wa Songea. Wakitoka hapa hushika kule, wakaufuata ufukwe, Mbaha, Lipingo, hadi Msumbiji. Wanakwenda kusini, shemeji. Ndio kwanza wanakwenda. Wanarudi wakati wa Pasaka, juu sana, hawatui. Mwanangu alikwenda kusini. Ndege anayekwenda kusini atamtoaje huko mtu wa huko? Ungengoja Pasaka ndipo udanganye, ningekuamini hadi kaburini."

Nazari alitazama kusini, kisha upande wa Songea. Alikuwa ameishi chini ya anga hilo hadi meno yakaanza kumwacha, na hakuwahi kuuliza ndege anakwenda wapi.

"Sikujua," alisema.

"Ndiyo. Hukujua." Sauti yake haikupanda. "Na lingekuwa hilo tu, ningekusamehe, maana mtoto wa Beata ni mtoto wangu. Lakini sikiliza nikuambie. Baada ya kuzika, nililala. Tangu Placidi aondoke nalala sikio moja liko mlangoni. Baada ya kuzika nililala kama mtoto mchanga, nikaamka jua limetoka, nikasema, basi, sasa najua alipo, yuko shambani, hana baridi. Halafu nikatoka kukung'uta kanga, nikatazama juu, nikajiuliza, walitokea wapi wale? Ikaisha." Akakunja mikono mapajani. "Uliniondolea kungoja, shemeji. Sasa umeniondolea na usingizi. Na shamba limekwenda. Akirudi kesho na bati zake, nitamwambia alale wapi? Nitamwambia ugali wake wa matanga uliliwa?"

Nazari alitaka kusema neno. Alitafuta kila kona ya ghala lile kubwa lililomlisha vicheko maisha yake yote. Lilikuwa limefagiliwa.

"Nilipe nini?" aliuliza.

"Unajua."

*

Sengu ilikutana, ikala. Nazari, ambaye si wa ukoo ule ila kwa shemeji yake tu, aliomba kusema akiwa amesimama. Alisema shamba la Placidi lirudishwe, maana habari ya kifo ilikuwa yake na ilikuwa ya uongo. Romanus alisikitika kweli. Alisema mwanawe ameshafyeka nusu, na matanga yamekwisha kuliwa.

"Sengu haitoi tonge lililokwisha kumezwa, ndugu yangu. Kesho kila mtu atakuja na lake."

"Najua," alisema Nazari. "Basi chukueni hili nililonalo. Shamba langu la urithi, lile la mteremko wa juu. Tangu leo ni la Placidi. Limeandikwa hapa, midomoni mwenu, mbele ya ugali."

"Na wewe utakula nini?" Beata aliuliza kutoka mlangoni.

Siku nyingine yoyote angekuwa na jibu, na wangecheka hadi kesho yake. Alisema, "Nitaona."

Kunigunda alikuwa amekaa na wanawake. Hakushukuru. Alisema neno moja la kuongeza, na sengu ikalikubali bila kutafuna: nyasi za shamba hilo atazilaza Nazari mwenyewe kila msimu, mpaka Placidi arudi, au mpaka aje mtu aliyemwona kwa macho yake akizikwa.

Basi Kwaresima ikafika, wakati wa kufyeka kwa ajili ya maharage. Nazari hakuwahi kulaza nyasi. Enzi za mshahara aliwaita vijana, akawapikia pombe, akasimama kando kuwasimulia. Sasa alipanda mteremko alfajiri na fyekeo la kuazima, na lilipofika jua la saa nne koti la kazi lilikuwa limelowa kama lililotoka ziwani. Mistari yake ilipinda. Miraba mingine ilikuwa na pembe zisizo na jina. Kunigunda alikuja nyuma yake na jembe, anachimba, anafukia. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi, zenye mvi ambazo zamani hazikuwapo.

"Huu ni mraba au ni uso wa mbuzi?"

"Nitaunyoosha, shemeji."

"Unyooshe. Mtu atalima hapa."

Wakaendelea. Juu kabisa, juu ya mawingu membamba, vitone vyeusi vilikuwa vinapita, vinatoka upande wa Msumbiji, havishuki. Vilikuwa vichache. Kunigunda aliacha jembe, akaweka mkono juu ya macho, akavisindikiza mpaka vikaisha nyuma ya mlima. Vilikwisha, naye mkono hakuushusha. Nazari alimwona. Neno lilimjia, neno zuri, la kumfariji, lenye mabawa na kila kitu, likafika hadi kwenye ulimi.

"Shemeji…"

"Laza nyasi."

Akainama. Akalaza.